Ukitafuna, Sumaku Inajua

Kazi yangu ni kuwalaza watu ndani ya sumaku. Mimi ni radiografa, nimezeekea kazi hii hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaoletwa kupigwa MRI ya taya ni hili: "Mzee, hilo jino bovu litaonekana?" Nawaambia ukweli. Kwenye picha ya kawaida ya MRI, jino ni doa jeusi. Liwe zima, limeoza au limevikwa dhahabu, yote ni giza. Mfupa mgumu wa taya nao ni mweusi. Kinachoonekana vizuri ni vile vitu ambavyo mgonjwa hakuja kuviuliza: mafuta ya shavu, ulimi, ubongo, na ile misuli inayoiendesha taya kila tunapokula, tunapoongea na tunapopiga miayo.

Misuli hiyo ndiyo habari yangu. Watafiti wa meno na wa picha za mwili wameigeuza MRI kuwa shahidi wa kazi. Wanamlaza mtu, wanapiga picha, wanamtafunisha, wanapiga tena, na picha ya pili inawaambia ni msuli upi uliofanya kazi na upi uliotegea. Hakuna sindano wala waya shavuni. Nikieleza jambo hili kwa majirani zangu huwa hawaamini mpaka niwaeleze kwamba mashine hiyo, kwa kweli, haisomi msuli. Inasoma maji yaliyomo ndani yake.

MISULI MINNE, MIWILI IMEJIFICHA

Weka vidole shavuni, karibu na pembe ya taya, kisha uma meno. Kinachotuna na kuwa kigumu chini ya vidole vyako ni maseta, msuli mnene unaoshuka kutoka kitefute hadi pembe ya taya. Sasa pandisha vidole mpaka kwenye panja, ume tena. Huo ni msuli wa pili, temporali, uliotandaa ubavuni mwa fuvu na kupita nyuma ya kitefute hadi kuikamata taya. Ndio unaouona ukicheza kwenye panja la mtu anayemenya muwa kwa meno.

Hiyo miwili kila mtu anaweza kuishika. Miwili mingine imo ndani, nyuma ya mfupa, na kidole hakifiki vizuri. Inaitwa pterigoidi ya ndani na pterigoidi ya nje. Ya ndani inasaidiana na maseta kuinua taya: moja inavuta kwa upande wa ndani wa mfupa, nyingine kwa nje. Ya nje ni fupi, imelala karibu mlalo kabisa, na imeshikana na kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio. Hiyo ndiyo inayoisukuma taya mbele, inayosaidia kukifungua kinywa na inayoipeleka taya upande. Ina maajabu yake: ukitaka taya iende kulia, pterigoidi ya nje inayovuta ni ya kushoto.

Kila upande wa uso una seti yake ya misuli minne, na yote minane hupokea amri kupitia tawi moja la neva ya tano ya kichwa, tawi la kulia kwa misuli ya kulia na la kushoto kwa ya kushoto. Ikifanya kazi kwa pamoja, watu wazima wengi wenye meno kamili huweza kufikisha mkandamizo wa zaidi ya kilo 50 kwenye magego. Ndiyo maana mfupa wa kuku hauna ubavu mbele ya mtu mwenye njaa.

Usidhani wataalamu wameshaimaliza misuli hii kuisoma. Mwishoni mwa mwaka 2021 Szilvia Mezey na Jens Christoph Türp wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba maseta ina tabaka la tatu, la ndani kabisa, ambalo vitabu vya kufundishia vilikuwa havilielezi ipasavyo. Walipasua vichwa vya watu waliojitolea miili yao kwa ajili ya sayansi, wakapitia picha za CT, kisha wakatazama picha za MRI za mtu aliye hai. Tabaka hilo hushika kwenye ile ncha ya mfupa wa taya inayochomoza juu, mbele ya kiungo, na kwa jinsi nyuzi zake zilivyolala, linaonekana kuwa ndiyo sehemu pekee ya maseta inayoweza kuirudisha taya nyuma. Msuli tunaoushika kwa kidole kila siku ulikuwa bado na siri yake.

KWA NINI WAYA HAUTOSHI

Njia iliyozoeleka ya kupima kazi ya msuli ni EMG. Vibandiko vyenye waya huwekwa juu ya ngozi, na kila msuli unapojikaza, umeme wake mdogo hunaswa na kuchorwa kwenye skrini. Ni kipimo kizuri na cha haraka, na kinaonyesha kazi papo hapo inapofanyika. Kwa maseta na temporali kinafaa sana kwa sababu misuli hiyo iko chini tu ya ngozi.

Tatizo ni ile miwili ya ndani. Kibandiko cha shavuni hakiwezi kuisikia, maana maseta na mfupa vimesimama katikati. Ukitaka umeme wake ni lazima uingize sindano laini, kwa kupitia shavuni au ndani ya kinywa, na sindano hiyo itasoma sehemu ndogo tu ya msuli, pale ncha yake ilipo. Halafu kuna jambo la ubinadamu: nani atatafuna kama kawaida yake huku ana sindano ndani ya taya? Mtafiti anataka kujua mtu anavyokula, na kipimo chenyewe kinambadilishia mlo.

MRI ilikuja kuziba pengo hilo. Yenyewe inaona misuli yote kwa mpigo mmoja, kulia na kushoto, ya nje na ya ndani, na haimgusi mtu.

HABARI YA MAJI

Robo tatu hivi ya uzito wa msuli ni maji. Kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni, na kiini cha kila atomu hiyo kina usumaku wake mdogo mno. Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya Tesla 1.5 au 3. Hata hiyo ya 1.5 ina nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko usumaku wa dunia unaoigeuza sindano ya dira. Ndani yake viini vya haidrojeni huzunguka kwa mwendo unaojulikana: karibu mizunguko milioni 64 kwa sekunde. Hayo ni masafa ya redio, chini kidogo ya yale ya FM unayosikilizia taarabu. Mashine ikituma wimbi la masafa hayohayo, viini huitikia kwa pamoja, nalo wimbi likikatwa, vyenyewe hutoa wimbi dhaifu linalonaswa na koili iliyozungushwa kichwani.

Wimbi hilo hufifia haraka. Kipimo cha muda wa kufifia kwake, wataalamu wanakiita T2, na ndicho chenye siri yote ya misuli ya taya. Wafikirie wacheza ngoma walioanza hatua kwa mdundo mmoja. Wakiwa wamebanana uwanjani watagongana, na baada ya kitambo kidogo kila mtu ana hatua yake. Wakipewa nafasi, watakwenda sawa muda mrefu zaidi. Maji yaliyobanwa na protini za msuli hupotezana hatua mapema. Maji yenye nafasi huchelewa. Katika msuli uliopumzika, T2 ni karibu sehemu 30 hadi 40 za sekunde moja iliyogawanywa mara elfu.

Elimu hii ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na kundi lake huko Marekani, walionyesha kwamba viini vya atomu ndani ya sumaku huitikia mawimbi ya redio. Waligawana tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, naye Mmarekani, alichapisha picha iliyofungua mlango wa MRI tunayoijua, na kitu alichokipiga picha kilikuwa vijibomba vya maji. Yeye na Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, walipewa Nobel ya tiba mwaka 2003.

Lakini hata kabla picha ya kwanza haijapigwa, mwaka 1965, watafiti walikuwa wameshapima msuli wa chura na kuona kwamba ukifanyishwa kazi, T2 yake inarefuka. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1988, pale James Fleckenstein na wenzake huko Texas walipoonyesha kwenye picha jambo hilohilo kwa binadamu: misuli ya mkono iliyofanya zoezi iling'aa kuliko jirani zake zilizopumzika.

Sababu yake inaeleweka. Msuli unapofanya kazi huchoma akiba yake ya nguvu, na mabaki ya uchomaji huo, laktati na fosfati miongoni mwake, hujaa ndani ya nyuzi. Mabaki hayo huvuta maji kutoka nje ya nyuzi kuingia ndani. Msuli unajaa maji, maji hayo yana nafasi zaidi, T2 inarefuka, na kwenye picha sehemu hiyo inakuwa nyeupe kuliko ilivyokuwa. Na jambo la maana kuliko yote kwetu sisi wapiga picha: weupe huo haukatiki mara tu kazi inapokoma. Unabaki na kufifia taratibu, kwa makumi ya dakika.

Hapo ndipo taya inapoingia. Mtu akitafuna wakati picha inapigwa, picha inaharibika, kwa sababu MRI haipendi kitu kinachocheza. Lakini kwa kuwa alama ya kazi inabaki, hakuna haja ya kumpiga picha akiwa anatafuna. Atafune, aache, atulie, ndipo apigwe.

MTU, JOJO NA SUMAKU

Niliwahi kuwaonyesha vijana wa mafunzo jambo hili, na mmoja wao akajitolea kuwa mfano. Alifika asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekunywa chai na vitumbua tu."

"Basi kaa pale kwenye benchi. Usile chochote, usitafune hata kucha, mpaka nikuite."

Alishangaa. Alidhani namtania. Ukweli ni kwamba vitumbua navyo ni kazi ya taya. Picha ya kwanza lazima iwe ya misuli iliyopumzika, la sivyo hutakuwa na cha kulinganishia.

Alipoitwa, tulianza na ukaguzi wa mlangoni, ambao huwa siuharakishi kwa mtu yeyote. Sumaku ya MRI haizimwi jioni na kuwashwa asubuhi. Iko kazini saa zote, hata umeme wa kuendeshea mashine ukikatika, kwa sababu waya zake zimezamishwa kwenye heliamu ya kimiminika yenye baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na umeme uliomo humo huzunguka bila kipingamizi. Kwa hiyo vitu vya chuma vinabaki nje: simu, funguo, mkanda, sarafu. Kadi ya benki nayo ibaki, sumaku itaifuta. Kwa kina mama nauliza pini za ushungi, na nawaomba wafute wanja na vipodozi vya machoni, maana vingine vina chembe za chuma na vinaharibu picha, hata kuwasha ngozi. Wapo wenye hirizi kiunoni au mkononi. Nawaomba kwa heshima waivue wenyewe na kumpa ndugu aliyewasindikiza. Kwa taya kuna swali la ziada: nyaya za kunyooshea meno. Zile za chuma hupindisha picha yote ya jirani yake, na shavu zima linaweza kugeuka shimo jeusi. Kijana wetu hakuwa nazo.

Tulimlaza, tukambana kichwa kwa sponji ndani ya koili, tukampa vya kuziba masikio kwa sababu mashine inagonga kwa kishindo. Picha ya kwanza ikapigwa. Kisha tukaivuta meza nje bila kumwinua, maana akiinuka tu, kichwa hakirudi pale kilipokuwa. Nikamtia kinywani jojo mbili kwa pamoja, zile ngumu. "Tafuna upande wa kulia tu. Taya ikiuma, endelea. Ikikataa kabisa, inua mkono." Alitafuna akiwa amelala chali, macho yakitazama dari, jasho likimtoka kwenye panja. Alipoinua mkono nilizipokea jojo kwa karatasi, nikamwambia ameze mate, aache meno yaachane na asimeze tena mpaka nimwambie. Tukamrudisha ndani mara moja.

Kwenye skrini tuliweka picha mbili kando kwa kando. Programu ilizipaka rangi kwa kufuata T2: buluu kwa muda mfupi, njano na nyekundu kwa mrefu. Halafu inakuja kazi ya mkono ambayo watu hawaijui. Mtu anashika kipanya na kuuzungushia mstari kila msuli, kipande kwa kipande, toka juu hadi chini, akijihadhari asiingize mafuta wala mshipa wa damu, kwa sababu navyo vina T2 yao na vitaidanganya hesabu. Vijana walikuwa wameniegemea mabegani. Maseta ya kulia ilikuwa imebadilika waziwazi, hasa sehemu yake ya mbele. Nyuma ya mfupa, pterigoidi ya ndani ya kulia nayo ilikuwa imewaka. Lakini kilichowafanya wanyamaze ni upande wa kushoto. Nao ulikuwa umebadilika, kwa kiasi kidogo.

"Lakini mzee, mimi kushoto sikutafuna kabisa," kijana alilalamika alipotoka.

Taya ni mfupa mmoja. Ukitafuna kulia, misuli ya kushoto inafanya kazi ya kuituliza na kuielekeza. Madaktari wa meno wanalijua hilo kwa EMG siku nyingi. Raha ya MRI ni kwamba ilituonyesha mpaka ile misuli ya ndani, kwa mtu aliyekuwa anatafuna tu.

UMBO LA USO NA UKUBWA WA MSULI

Kazi ni upande mmoja. Upande wa pili ni ukubwa. Kabla ya MRI hakukuwa na njia nyepesi isiyo na mionzi ya kumpima mtu aliye hai unene wa pterigoidi zake. Mapema miaka ya 1990, P. H. van Spronsen na wenzake huko Amsterdam, Uholanzi, walilinganisha misuli ya taya ya watu wazima wenye nyuso ndefu kupita kawaida na ya watu wenye nyuso za kawaida. Wenye nyuso ndefu walikuwa na misuli myembamba, wakati mwingine kwa asilimia hadi 30. Matokeo hayo yalitia moto mjadala wa muda mrefu wa madaktari wanaonyoosha meno: je, misuli dhaifu ndiyo inayouacha uso urefuke, au uso mrefu ndio unaoinyima misuli kazi? Kwa mgonjwa wa kawaida maana yake ni kwamba daktari anayepanga kuirekebisha taya anatakiwa afikirie nyama, pamoja na mifupa na meno.

Huko Göttingen, Ujerumani, kundi la Jens Frahm, ambaye mwaka 1985 alishiriki kubuni njia ya upigaji wa haraka iitwayo FLASH, limefika mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2010 hivi walionyesha MRI inayokwenda na wakati, picha nyingi kwa sekunde, kiasi cha kuweza kutazama kiungo cha taya kikifunguka na kufunga papo hapo. Hiyo inaonyesha mwendo. T2 inaonyesha kazi. Zikisomwa pamoja, daktari anaanza kuielewa taya nzima.

MIRUNGI, MINYOO NA UVIMBE WA SHAVU

Mambo haya yana maana gani kwetu? Niwataje watu wa aina tatu.

Wa kwanza ni mtafunaji wa miraa, au mirungi kama tunavyoiita Tanzania, ambako imepigwa marufuku. Kenya ni biashara halali, na wengi huitafuna pamoja na bigijii, saa nyingi mfululizo, donge likiwa limekaa shavu lilelile. Hakuna maseta iliyoumbwa kwa zamu ya namna hiyo. Madaktari wa meno katika nchi zenye watafunaji wengi wa majani hayo, Yemen ikiwemo, wameandika juu ya maumivu ya taya, kiungo kinacholia na kinywa kisichofunguka vizuri. Picha hazijaja kumhukumu mtu kwa starehe yake, lakini mwenye kuona jojo mbili zinavyoiwasha misuli atajaza mwenyewe hesabu ya mchana kutwa.

Wa pili ni yule anayesaga meno usiku. Mtoto akisaga meno, nyumba nyingi zinakimbilia dawa ya minyoo. Minyoo itibiwe kama ipo, ni vizuri. Lakini amri ya kusaga meno usingizini inatoka kwenye ubongo, hasa pale usingizi unapokatika kidogo bila mtu kuamka, na kwa watoto wengi huisha wenyewe wanavyokua. Kwa mtu mzima, msongo wa mawazo unaweza kuwa kichocheo. Akiamka na panja linauma na taya nzito, anaamka na misuli iliyokesha kazini.

Wa tatu ndiye ninayemwona zaidi kazini: mtu aliyevimba kwenye pembe ya taya na kukosa usingizi akidhani ni kansa. Wengine wameshaambiwa ni matumbwitumbwi, wengine wamechanjwa chale. MRI inatenganisha vizuri tezi ya mate, uvimbe na msuli. Wakati mwingine jibu ni msuli mtupu: maseta iliyonenepa kwa kuuma meno mchana na usiku. Sijui habari njema inayotolewa kwa furaha kuliko hiyo katika idara yetu.

USIIKIMBILIE

Sasa niseme kinyume, maana wasomaji wengine wameshaanza kuhesabu pesa. Kipimo cha T2 cha misuli ya taya ni cha utafiti. Hospitalini, MRI ya taya huombwa hasa kwa ajili ya kiungo chenyewe na kisahani kilichomo ndani yake, ambacho kinaweza kuteleza na kuifanya taya ilie au igome. Tunapiga picha ya kinywa kilichofungwa, halafu cha wazi. Na kile kinachowashikia wagonjwa kinywa wazi, mara nyingi, ni bomba la plastiki la sindano lisilo na sindano, walilolibana kwa meno. Teknolojia ya mabilioni inategemea kipande cha plastiki.

T2 yenyewe ina mipaka yake. Haionyeshi msuli unavyojikaza sekunde kwa sekunde, kwa hiyo EMG haijastaafu. Kazi nyepesi inaweza isiache alama ya kutosha. Watu wanatofautiana, na mabadiliko ya mtu mmoja hayawezi kupimwa kwa mizani ya jirani yake; kila mtu analinganishwa na picha yake mwenyewe ya kabla. Na mwenye meno yaliyojaa nyaya za chuma anaweza asipate jibu lolote.

Msimamo wangu, baada ya kutazama nyuso nyingi kwa ndani, ni kwamba MRI imetufundisha jinsi taya inavyogawana kazi, na somo hilo linamfaa hata asiyewahi kuiona mashine. Taya ikikuuma, anza kwa daktari wa meno. Mikono yake na maswali yake ni kipimo cha kwanza, na mara nyingi kinatosha. Tafuna pande zote mbili. Ukikwepa upande mmoja kwa sababu ya jino bovu, nenda ukatibiwe jino hilo. Usipokuwa unakula, midomo ifunge lakini meno yaachane, kwa sababu taya iliyopumzika meno yake hayagusani. Taya ikijifunga ghafla ikakataa kufunguka, hasa kama una kidonda, usikae nyumbani, wahi hospitali siku hiyohiyo: huenda ni pepopunda.

Na ukitumwa MRI, tuambie kila kitu kabla ya kuingia. Kifaa cha moyo, chuma kilichowekwa mfupani, kipande cha risasi, au kazi ya kuchomelea vyuma iliyowahi kukurushia cheche jichoni. Hatuulizi kwa udadisi. Sumaku haina habari na aibu yako, na sisi tulio mlangoni hatuwezi kukulinda na kitu ulichotuficha.